Ritifaa ya Jeanne d'Arc

Kila Jumatano baada ya masomo, Hayat alipita dukani kwa baba yake, katika mtaa wa Asiatique, akaacha begi na kwenda kwenye klabu ya kompyuta. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu na kiburi cha watu wanne. Mwenzake alipokwama, Hayat alimsonya kabla hajamaliza kueleza.

Mwezi ule klabu ilitengeneza tovuti ya kugawia miwani. Watoto wengi walikuwa wamepimwa macho, na siku ya kugawa kila mmoja angetafutwa kwa jina ili ijulikane boksi lake ni namba ngapi. Programu waliyoitumia kujengea tovuti ilikuwa na tabaka la data: unalitajia unachotaka, nalo linaiuliza hifadhidata kwa niaba yako. Hayat alilidharau.

"Hiyo ni uji ya batoto," alimwambia rafiki yake Chance. "Mi naandika swali yangu mwenyewe, ghafi."

Na kweli aliandika. Programu iliruhusu maswali ghafi, ila kwa sharti: jina la anayetafutwa lisibandikwe ndani ya swali. Mahali pake iachwe alama tu, jina lenyewe lipelekwe kando. Hayat aliona huo ni woga wa wasiojua kazi. Alilibandika jina palepale, kati ya kialama cha kufungua na cha kufunga, vinavyoionyesha hifadhidata jina linaanzia na kuishia wapi. Akajaribu Hayat, akajaribu Chance, na yote yakapatikana.

"Jina umepeleka kando?" aliuliza Madamu Saliha, mwalimu wao.

"Ndiyo, Madamu," Hayat alidanganya, mkavu wa macho.

Jumamosi asubuhi watoto walipanga foleni, na Hayat akakaa mbele ya kompyuta kama waziri. Muuguzi aliyeleta miwani alikuwa na haraka. Saa sita angeondoka na maboksi yote ambayo hayajachukuliwa. Akafika msichana aliyetoka mtaa wa mbali wa Kinama kwa miguu, amekunja uso ili aone.

"Jina?"

"Jeanne d'Arc."

Hayat akaandika. Ukurasa ukajaa maandishi mekundu.

"Jina yako ni mubaya," alisema. "Tutoe hii ritifaa."

"Apana. Ni jina ya ubatizo. Iko hivyo hata ku bulletin ya masomo."

Hayat aliitoa kwa ubishi. Jina halikupatikana.

"Unaona? We hukujiandikisha. Pisha wengine."

Msichana aligeuka, akagonga kiti, akakiomba radhi akidhani ni mtu, kisha akatoka.

Hayat alitaka kucheka, akaacha. Alikuwa ameyasoma yale maandishi mekundu. Ritifaa, alama ileile iliyo katika neno ng'ombe, ndiyo pia kialama cha kufunga. Hifadhidata ilisoma "Jeanne d", ikaona jina limekwisha, ikaachiwa "Arc" isiyojua iifanyie nini. Jina lilikuwa zima. Kibovu kilikuwa swali la bingwa. Angeweza kunyamaza, na msichana angerudi Kinama bila miwani, asione ubao wa darasani mwaka mzima. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

"Madamu, nilikudanganya," alimwambia mwalimu, aliyekuwa akipanga foleni pale pembeni. "Jina nilibandika ndani."

Madamu Saliha hakupaza sauti. Alimtuma Chance amkimbilie yule msichana, naye akasimama nyuma ya kiti cha Hayat. Hayat alifuta jina ndani ya swali, akaacha alama, akalipeleka jina kando. Ilichukua dakika tatu. Dakika tatu tu, jamani, ndizo alizojiona mkubwa mno kuzitumia.

Chance aliporudi na msichana mwenyewe, Hayat aliandika Jeanne d'Arc, ritifaa na yote. Boksi namba arobaini na moja.

"Swali ghafi si kosa," Madamu alisema. "Hata bafundi bakubwa banaandika. Kosa ni we kudharau sharti, kudanganya, halafu kuambia mutu jina yake ndiyo mubaya. Kazi yako ikianguka, anza kukagua kazi yako, usianze na mutu mwenye amekuja kusaidiwa."

"Nisamehe, Jeanne d'Arc," alisema Hayat.

Msichana alivaa miwani. Akamtazama Hayat kuanzia viatu hadi kichwani, bila haraka.

"Kumbe ni we," alisema. "Na ile sauti yote, mi nilizani ni mutu mukubwa."