Uzi Mwekundu Umekwisha

Kazi yangu ni kupiga pasi. Mke wangu ndiye fundi, na duka la kushonea ni lake. Mdogo wake, shemeji yangu, ndiye mkata nguo. Mama yangu mzazi hukaa chumba cha nyuma akishona vifungo. Masikio yake husikia anachotaka tu.

Mtaani duka letu waliliita "Narudi Sasa Hivi". Sababu ni mimi. Mtu akipita na mzigo husema, "Kaka, niwekee hapa, narudi sasa hivi." Nami hujibu, "Weka tu." Nilipenda kuitwa mtu wa watu. Chini ya meza yangu ya pasi palijaa mabegi na maboksi. Kuna aliyesema sasa hivi Jumatatu, akarudi Alhamisi.

Asubuhi moja redio ilitangaza habari mbaya. Katika mji wa mbali, magaidi waliacha begi lenye bomu dukani. Wafanyakazi watatu walikufa. Shemeji aliacha kukata. Alikuwa na mimba ya miezi sita.

"Shemeji," aliniuliza, "hilo begi la kijani ni la nani?"

"La yule jamaa mrefu."

"Anaitwa nani?"

"Mrefu."

Hakucheka. Aliuviringisha mkasi wake katika kitambaa, akautia mkobani.

"Mimi nina mtu tumboni," alisema. "Siwezi kukata nguo huku miguu yangu inagusa mizigo ya watu tusiowajua. Siku mtakapoiondoa, niiteni."

Mkata nguo akiondoka na mkasi wake, ujue ameondoka kweli.

Mke wangu alinigeukia. Tulikuwa na sare mia mbili za shule za kukata.

"Umemkimbiza mdogo wangu kwa mabegi ya watu."

"Kaondoka mwenyewe."

"Haya, shika mkasi ukate wewe."

Nilikata kaptura moja. Mguu mmoja ukawa mrefu kuliko mwenzake. Mama aliiinua, akaitazama, akauliza kama mteja anachechemea. Nilishikwa na aibu.

Mchana Mrefu alikuja kuchukua begi lake. Wenye mizigo mingine niliwatafuta mtaani, wakaja wakinung'unika. Kisha nikaenda kumwita Afande. Huyu ni mama aliyestaafu polisi, na sasa anasimamia ulinzi wa jengo letu.

Afande aliingia, akazunguka duka zima.

"Mlango wa nyuma uko wapi?" aliuliza.

"Nyuma ya hayo majora ya vitambaa," alijibu mke wangu.

"Kwa hiyo likitokea jambo, mama mzee huyu apite dirishani?"

"Mimi sipiti dirishani," mama alisema. Hilo alilisikia vizuri.

Tulihamisha majora siku ileile. Afande alikaa kwenye kiti cha wateja akatueleza bila haraka.

"Msipokee mzigo wa mtu. Mkiona mzigo msioujua, ulizeni kwanza: huu ni wa nani? Mwenyewe asipopatikana, msiuguse, msiufungue, msiusogeze. Msitumie simu karibu nao. Watoeni watu wote, waambieni na majirani, mwende mbali, pasipo na vioo. Huko ndiko mpige simu polisi."

"Na mtu wa kutiliwa shaka tutamjuaje?" niliuliza. "Kwa sura?"

"Sura haikwambii kitu. Wala dini, wala mavazi. Tazama anachofanya. Anayepiga picha milango yenu, anayeuliza mlinzi hubadilishwa saa ngapi, anayeacha kitu na kuondoka mbio. Ukiona hivyo, toa taarifa. Usimkamate, usimtukane."

Alitaka tuwe na neno letu la siri la kutoka nje, lisilowatia wateja hofu. Mke wangu alichagua: "Uzi mwekundu umekwisha." Ukilisikia, acha kazi, tokea mlango wa nyuma, kutana na wenzako kwenye uwanja wa mtaa.

Mke wangu alimwita shemeji, naye akarudi kesho yake. Alichungulia chini ya meza yangu, akafungua mlango wa nyuma mara mbili, akaanza kukata. Lakini jioni alikwenda na mkasi wake. Kesho yake hivyo hivyo. Msumari wa ukutani alikozoea kuutundika ulibaki mtupu, na mimi kila nikiuona moyo uliniuma.

Wiki ya pili, wateja walijaa dukani. Walipopungua, nililiona begi jeusi, kubwa, chini ya kioo cha kujipimia.

"Huu mzigo ni wa nani?" niliuliza.

Kila mtu alimtazama mwenzake. Niliuliza tena. Hakuna aliyeudai. Nilichomoa pasi, nikasema kwa sauti ya kawaida, "Uzi mwekundu umekwisha."

Mke wangu aliinuka. Shemeji aliwashika wateja mikono, akawaongoza nyuma. Mama akainua kibonge cha uzi mwekundu.

"Haujaisha. Huu hapa."

"Umekwisha, mama."

"Nimeushika, mwanangu. Macho yangu bado mazima."

"Basi njoo nao, mama. Twende."

Alitoka nao, akilalamika njia nzima kwamba nimeanza kuzeeka. Nilibisha hodi kwa majirani wote. Tulipofika uwanjani, mke wangu alituhesabu, kisha akapiga simu.

Polisi walikuja, wakalizungushia eneo utepe, wakalikagua begi kwa vifaa vyao. Ndani mlikuwa na suruali kumi na moja. Muda si mrefu mwenyewe akatokea, bwana mnene mwenye haya. Alitaka zote ziongezwe kiuno, akaona aibu kuzitoa mbele za watu. Aliacha begi akaenda kunywa chai kwanza.

"Nilisema narudi sasa hivi," alijitetea.

"Ulimwambia nani?" shemeji alimuuliza.

"Nilisema moyoni."

Uwanja mzima ulicheka. Mimi nilimwomba radhi ofisa wa polisi kwa kumsumbua.

"Hukunisumbua," alijibu. "Leo ni suruali. Mlifanya kama inavyotakiwa."

Tuliongeza viuno vyote kumi na moja. Mlangoni tumebandika karatasi: HATUWEKI MZIGO WA MTU, HATA WA SASA HIVI. Watu husoma, hucheka, huondoka na mabegi yao. Siitwi tena mtu wa watu, na sijali.

Jioni ya siku ile ya begi jeusi, shemeji alifagia vipande vya vitambaa, akavaa viatu, akachukua mkoba wake.

"Umesahau mkasi," nilimwambia.

"Sijasahau," alisema, akautundika msumarini. "Kesho nitaukuta."