Banda la Namelok

Nashipae huamka kabla ya jogoo wa jirani. Hujifunga kanga, huchukua ndoo, huenda bandani kumkamua Namelok. Ng'ombe huyu alipewa na marehemu mama yake, angali ndama. Ndiyo maana Nashipae humsalimia yeye kwanza, hata kabla ya mumewe.

Asubuhi moja Namelok hakusimama. Alikuwa amelala kwenye tope. Nashipae alimbembeleza mpaka akainuka kwa shida, lakini mguu mmoja wa nyuma hakuukanyagia. Maziwa hayakujaa hata kikombe.

Pale Ilkiding'a, kwenye miteremko ya Mlima Meru, kila nyumba ina migomba, na migomba inataka samadi. Lesikar, mume wa Nashipae, alikuwa na sheria yake: banda halizolewi mpaka mvua zikaribie. "Samadi ikikaa chini ya ng'ombe inanenepa," alipenda kusema. Kweli ilinenepa. Kwato za Namelok zilizama kwenye kinyesi na mkojo mchana na usiku.

Lesikar alipomwona anachechemea, alitikisa kichwa. "Huyu basi tena. Nitamwita mchinjaji aje Jumamosi."

"Baba Godwin, huyu ni wa mama," Nashipae alimwambia mumewe.

"Najua. Lakini ng'ombe asiyetembea ni nyama."

Nashipae aliumia sana moyoni. Hakubishana, maana kubishana na Lesikar ni kutwanga maji kwenye kinu. Alikwenda moja kwa moja kumwita Elifuraha, afisa mifugo wa kata.

Elifuraha alikuja na buti zake. "Shikamoo baba. Shikamoo mama." Aliinua ule mguu, akauosha. Harufu mbaya ikatoka. Katikati ya kwato kulikuwa na kidonda chenye usaha.

"Kwato inaoza," alisema. "Vijidudu vya ugonjwa huu vinakaa kwenye tope na kinyesi. Ngozi ikiloa kila siku inalainika, inachubuka, navyo vinaingia."

"Nilidhani ni mwiba," alisema Nashipae. "Atapona kweli?"

"Atapona, mama, umewahi kuniita. Nitamchoma sindano. Maziwa yake msinywe wala msiuze mpaka niwaambie. Lakini akirudi kwenye tope hili, ataugua tena."

Lesikar alikohoa. "Na migomba yangu ile nini?"

Elifuraha alicheka. "Itashiba, baba. Zoa samadi kila siku, irundike nje, ifunike kwa majani ya migomba. Itaoza vizuri huko huko."

Lesikar ni mtu ambaye akishindwa hasemi, anashika beleshi. Alizoa mpaka sakafu ikaonekana. Akachimba mfereji wa mkojo, akaondoa mawe yenye ncha, akatandaza maranda makavu.

Elifuraha aliwaonyesha na kinga nyingine. Kidonda kikishapona, Namelok awe anapitishwa mara kwa mara kwenye maji ya mrututu, ile dawa ya bluu ya wakulima wa kahawa. Aoshwe kwato kwanza, na asiyanywe maji hayo, ni sumu. Kwato zikirefuka zikatwe. Ng'ombe mgeni akija, atengwe kwanza, achunguzwe miguu.

Jumamosi mchinjaji alifika na kamba yake. Namelok alikuwa amesimama kwenye maranda, anachechemea bado. Nashipae alisimama mlangoni mwa banda.

Lesikar alimtazama mkewe, akamtazama na ng'ombe.

"Rudi tu, ndugu yangu," alimwambia mchinjaji. "Ng'ombe wa mkwe wangu hauzwi."

Kwa muda nyumba ile ilikunywa chai ya rangi. Namelok akapona, akaanza kukanyaga kwa miguu yote minne. Siku Elifuraha aliporuhusu maziwa, Nashipae alimpelekea mumewe chai ya maziwa kule kwenye rundo la samadi, alikokuwa akilifunika kwa majani.

Lesikar alikunywa taratibu mpaka ikaisha. "Mama yako alijua kuchagua ng'ombe," alisema.

Nashipae alipokea kikombe, akaenda bandani kumwambia Namelok.