Boti ya Njano Kwenye Mafuta Meusi

Mshale wa mafuta ulikuwa umeshapita nusu, na bahari ilikuwa tupu.

Luteni Wendell Haugen aliugonga kwa kidole, kana kwamba ungeona haya na kupanda tena. Haukupanda. Kando yake ndege nyingine kumi na saba za mabomu zilizidi kwenda kaskazini-magharibi ya kisiwa cha Midway, zikiutafuta msafara wa Wajapani uliotakiwa kuwa pale na haukuwepo. Wakigeuza sasa, wangefika kwenye manowari yao ya kubeba ndege bila shida. Wakiendelea, basi.

Kiongozi wa kikosi akaendelea. Haugen akamfuata.

"Baca," aliita kwenye redio. "Ukiona chochote huko nyuma, sema."

"Naona mkia wetu, afande. Bado upo."

Celso Baca, mshika bunduki, alikaa amempa rubani mgongo, bunduki ya mitutu miwili mbele yake. Alikuwa mtoto wa fundi reli wa Belén, New Mexico, na bahari aliiona kwa mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na tisa. Haugen alitoka kwenye mashamba ya ngano ya Minnesota. Walikuwa wameruka pamoja miezi mitano na hawajawahi kula meza moja. Mmoja alikuwa ofisa, mwingine baharia wa kawaida, na melini hakuna aliyeuliza kwa nini.

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, Haugen aliona mikwaruzo myeupe juu ya maji. Mikwaruzo ile ilikuwa mapovu ya meli. Meli nyingi! Katikati yake kulikuwa na manowari nne za kubeba ndege, sitaha zao pana za rangi ya mbao zimejaa ndege zilizokuwa zikitiwa mafuta. Juu yao hapakuwa na mlinzi hata mmoja. Ndege zao za kivita zilikuwa chini kabisa, zikiwafukuza Wamarekani wengine waliotangulia.

"Mungu wangu," Haugen alisema. "Wote wapo. Jikaze, Baca!"

Ndege ikainamisha pua na kuanguka. Futi elfu kumi na nne, elfu nane, elfu nne. Celso alilala chali angani, akiona mbingu tu na ndege za wenzake zikimfuata kama mawe yaliyotupwa. Masikio yalimpasuka. Kisha Haugen akaachia bomu na kuivuta ndege juu.

Celso ndiye aliyeona. Bomu lao lilipiga maji hatua kumi kutoka ubavuni mwa manowari, likainua nguzo nyeupe ndefu. Lakini la ndege iliyofuata lilitua katikati ya sitaha. Moto ulitoka chini ukapanda juu, ukarusha ndege baharini kama karatasi. Likaja la pili. Kulia, manowari nyingine ilikuwa inawaka. Na ya tatu!

"Zinawaka!" Celso alipiga kelele mpaka sauti ikakatika. "Afande, tatu zinawaka!"

"Na nyuma yetu?"

Nyuma yao kulikuwa na Mjapani.

Ndege yake nyepesi ilikuja chini, karibu mno, Celso akaona miwani ya rubani. Wote wawili walifyatua kwa pamoja. Risasi zilitoboa bawa la kushoto, zikapita kwenye paja la Celso, zikavunja redio. Celso hakuachia kifyatulio. Moshi ukachomoza kwenye injini ya Mjapani, akakata kona na kutoweka.

"Ameondoka," Celso alipaza sauti. "Lakini bawa linakojoa petroli."

Injini ilikohoa mara tatu, ikanyamaza.

Haugen aliishusha ndege juu ya mgongo wa wimbi, mkia kwanza. Ilikuwa kama kugonga ukuta. Paji la uso wake lilipiga chuma cha kulengea, na alipozinduka Celso alikuwa anamvuta kwa ukosi.

"Toka, afande! Utalala baadaye!"

Walipata muda wa kuchomoa boti ya mpira, chupa moja ya maji na kisanduku cha chakula. Mkia wa ndege uliinuka, ukasimama kidogo, ukazama.

Haugen alimfunga Celso paja kwa mkanda na soksi. Damu yake mwenyewe ilimwingia machoni.

"Tuliipiga?" aliuliza.

Celso alifikiria kumdanganya. "Hapana, afande. Tumeua samaki."

"Samaki?"

"Wengi sana. Ila wa nyuma yetu aliipiga katikati."

Haugen akaanza kucheka huku ameshika kichwa. "Maji, vifuniko viwili vya chupa kwa siku kila mtu. Wewe vitatu, una tundu."

"Hata wewe una tundu, afande. Tena kichwani."

Alasiri upepo uliwasogezea moto. Moja ya manowari zile, imekufa injini na inatoa moshi mzito, ilielea ikija upande wao, na manowari ndogo ilizunguka ikiokota watu. Maji yakawa meusi. Mafuta mazito ya injini yaliizingira boti.

"Chovya mikono," Haugen alisema. "Ipake yote."

"Afande?"

"Hii boti ndiyo kitu pekee cha njano hapa. Wakituona, tumekwisha."

Waliipaka boti, wakajipaka nyuso, wakateremka majini wakishikilia kamba. Manowari ndogo ilipita karibu kiasi kwamba Celso aliona baharia mmoja amesimama kwenye ukingo, mikono imefungwa bendeji mpaka viwikoni. Baharia yule alitazama moja kwa moja upande wao. Akatazama kwingine.

Kabla jua halijatua, manowari kubwa ililipuka ndani. Mshindo ulipita majini ukawapiga tumboni kama teke. Ikainamisha pua, ikazama. Celso alifungua mdomo ashangilie. Ndipo akaona sitaha ya ile ndogo: mamia ya watu wamejipanga, kofia mikononi, wengine wanalia waziwazi. Akaufunga mdomo.

Kesho yake asubuhi walisikia injini wanazozijua. Ndege kubwa ya kutua majini, ya kwao, ilipita juu. Walisimama ndani ya boti, wakapunga, wakapiga mayowe. Ilikwenda zake. Saa sita ikarudi, ikapita tena.

"Wamelewa hao?" Celso alifoka.

Haugen alitazama mikono yake, halafu boti, halafu maji meusi. "Hawatuoni. Tumejificha vizuri mno."

Walipiga makasia kwa viganja mpaka wakatoka kwenye mafuta, kisha wakaanza kusugua. Walisugua kwa fulana, kwa soksi, kwa kucha. Mafuta yalikuwa yameganda kama lami. Haugen akachukua kisu akakwangua kwa ubapa, na rangi ya njano ikaanza kutokea, ukubwa wa kiganja kimoja, viwili. Wimbi likawarusha. Kisu kikateleza.

Fsss.

"Ziba!" Haugen alipaza sauti. Celso alilalia tundu kwa kifua. Upande ule ulikuwa umeshalegea, na usiku kucha walipeana zamu: mmoja anaziba, mwingine anapuliza kwa mdomo kwenye kijibomba. Paja la Celso lilivimba na kuwa moto. Haugen alimmiminia maji midomoni, kifuniko cha tatu, kisha kifuniko chake mwenyewe pia, akidai ameshakunywa.

"Muongo wewe," Celso alinong'ona. Hakusema afande.

"Kunywa, Celso."

Asubuhi ya siku ya tatu injini ilisikika tena. Nusu ya boti ilikuwa chini ya maji. Nusu nyingine iling'aa njano, imekwanguliwa hadi mpira. Ndege ilipita. Ikainamisha bawa. Ikageuka.

Celso alilia kama mtoto, Haugen akimpiga mgongoni na kupiga mayowe kama anaita ng'ombe kwao Minnesota.

Ndege ilitua ikirukaruka juu ya mawimbi. Mtu alitoka mlangoni na kamba, akawatazama: viumbe viwili vyeusi tii, macho mekundu, nguo hazijulikani.

"Nani ofisa kati yenu?"

"Mvute huyu," Haugen alisema. "Ana risasi mguuni."

Jioni ile, Midway, walipewa supu ya maharage. Mpishi alimwelekeza Haugen kwenye hema la maofisa, kule kwenye viti. Kati ya ndege zao kumi na nane, aliambiwa, kumi zilikuwa hazijarudi.

Haugen alichukua bakuli lake, akalipita hema hilo, akaenda hadi kwenye kibanda cha majeruhi, ambapo Celso na mabaharia wengine walikula wamekaa chini. Walipomwona walianza kusimama.

"Kaeni," alisema. "Celso, sogea."

Celso alisogea.