Tone la Kwanza

Sikuwepo, na ningekuwepo ningekimbia. Haya yalimpata Radhia, rafiki yangu wa hapa mjini Nabeul, akiwa edani, na mjane wa eda hagusi manukato. Mama mkwe wake, Mongia, alimtuma stoo akalete sufuria. Mle ni giza hata mchana. Akasikia tone, kisha tone jingine, kutoka kwenye mtungi wa shaba wa kuchemshia maua ya mchungwa kutoa marashi. Akaupapasa. Ulikuwa baridi, mkavu. Haukuwa umewashiwa moto tangu mumewe Mondher afariki.

Alipotoka, Mongia akamdaka mkono.

"Unanukia! Hata arobaini ya mwanangu haijafika, ushajipaka marashi?"

"Wallahi mama, sijagusa kitu."

"Mwongo we!"

Akamsugua shingo kwa sabuni mpaka ikawa nyekundu. Harufu haikutoka. Ndipo akatazama nyuma ya sikio la kushoto, pale Mondher alipozoea kumpaka mkewe tone la kwanza la kila msimu wa maua. Palikuwa na alama ya kidole, mbichi. Akaifuta kwa shela, ikarudi.

Stoo matone yaliendelea, sasa wote wawili wakiyasikia.

"Na mimi niliyekuzaa, mwanangu, sina tone?" Mongia akauliza mlangoni mwa stoo.

Matone yakakoma.