Tairi za Safari ya Thelujini

Asubuhi za majira ya baridi, dirisha la jikoni kwa akina Ketsia lilifunikwa na ukungu mweupe kwa ndani. Ketsia, msichana wa miaka kumi na miwili, alipenda kusimama hapo na kikombe chake cha chai akichora mlima kwa kidole. Mlima ulianza kuchuruzika maji kabla hajamaliza kilele chake. Mama yake, Bibiane, aliyekuwa akijiandaa kwenda kazini kuwatunza wazee, alimwambia maneno yale yale kila siku: "Ketsia, chai inapoa na shule haikungoji." Naye Ketsia aliitikia, "Ndiyo, Mama," kisha akaendelea kuota.

Walikaa Guildford, magharibi mwa Sydney, Australia, ambako theluji haianguki. Baridi ipo, tena ile ya kupenya mpaka mifupani, lakini huja na mvua tu. Theluji Ketsia aliijua kwa masimulizi ya Papa, yaani baba yake. Papa Katembo alizaliwa Mutwanga, mashariki ya Kongo, chini ya milima ya Ruwenzori. Alisimulia kwamba asubuhi nyingine mawingu yalifunguka, na kule juu kabisa ukaonekana weupe umetulia kimya. Watu waliokuwa wakienda shambani walisimama na majembe yao begani, wakatazama, mpaka mawingu yakafunga tena.

"Uliigusa, Papa?" Ketsia aliuliza kila mara.

"Nani afike kule? Niliitazama tu, miaka yote ya utoto wangu."

Jibu hilo lilimwingia Ketsia moyoni. Alitamani aiguse theluji kwa mikono yake, na Papa awe kando yake akiigusa pia. Darasani aliiwaza, kwenye basi aliiwaza. Rafiki yake Chepkoech, ambaye alikwisha kwenda milimani na wazazi wake, alimcheka. "Wee, hiyo ni baridi tu! Utalia vidole vikianza kuuma." Ketsia hakujali. Alijua atalia, lakini kwa furaha.

Basi wiki moja ya Julai ikatangazwa kwamba theluji ingeanguka Oberon, mji mdogo wa milimani, mwendo wa karibu saa tatu kwa gari. Papa aliitazama simu yake, akamtazama mkewe, akacheka peke yake.

"Jumamosi tunaenda!"

Gloire, mdogo wake Ketsia wa miaka mitano, aliruka juu ya kochi akipiga kelele, "Snow! Snow!" Kiswahili alikielewa vizuri, ila kukijibu kwa Kiingereza ndiyo ilikuwa tabia yake.

Mama ndiye aliyeuliza la maana. "Kwa kigari kile, Papa Ketsia? Na pneu zimekwisha kuwa kipara?"

Pneu ndizo tairi, kwa msemo wa Wakongo, na Mama alisema kweli. Tairi za kigari chao zilikuwa zimelika mpaka mifereji yake ikafutika. Papa akakubali kwamba bila tairi nzuri hakuna safari.

Siku ya pili, baada ya shule, Papa na Ketsia walikwenda kwa fundi wa tairi huko Smithfield, karibu na bohari alikofanya kazi Papa. Kiingereza cha Papa kilitosha kupanga maboksi na kusalimiana. Penye maneno mengi alimtegemea Ketsia. Ketsia ndiye aliyemsemea kwa daktari na kwa mwenye nyumba, na alijivunia kazi hiyo kupita kiasi kidogo.

Fundi alikuwa mwanamke wa Kiashuri, jamii ya Mashariki ya Kati, aitwaye Nahrin, mwenye mikono iliyokolea vumbi la mpira. Ketsia alimweleza kwa Kiingereza kwamba walikuwa wakienda Oberon. Pale ukutani ziliegemezwa tairi nne za mtumba, zimesafishwa zikang'aa, na mifereji yake ilikuwa na kina. Papa alitumbukiza vidole ndani ya mifereji, akatabasamu.

"Tazama meno haya! Kwetu, pneu yenye meno kama haya inapanda matope yote hadi Butembo."

Bi Nahrin alitikisa kichwa. Alimwambia Ketsia polepole, kwa Kiingereza: "Mwambie baba yako asitazame mifereji peke yake. Hizi ni za zamani. Mpira ukizeeka huwa mgumu, na baridi huuzidisha ugumu. Barabara ya milimani ikilowa hazitashika. Atakanyaga breki na gari litateleza. Kwa mjini, mwendo mfupi, zinaruhusiwa. Kwa safari yenu, hapana. Ninazo nyingine, mpira wake ni laini, zimechanjwa mikato midogo ya kushika barabara yenye maji. Ila za ukubwa wa gari lenu zitafika Jumatatu."

Jumatatu! Ketsia aliuona weupe wote wa Oberon ukiyeyuka mbele ya macho yake, ukitiririka kama mlima wake wa dirishani.

"Anasema nini?" Papa aliuliza.

"Anasema hizi ni nzuri, Papa."

"Na baridi ya kule juu?"

"Hakuna shida."

Papa akaridhika. "Basi azifunge hizi."

Bi Nahrin alimkazia macho Ketsia. "Umemwambia yote?"

"Ndiyo," akajibu Ketsia kwa Kiingereza chake safi. "Anasema hatutakwenda tena milimani. Tutazunguka hapa mjini tu."

Uongo mmoja ulikuwa umezaa wa pili, na yote mawili yalitoka kinywani mwake bila kukwama. Tairi zikafungwa. Njiani Papa aliimba wimbo wa kanisani, na Ketsia akatazama nje ya dirisha.

Ijumaa ilinyesha. Papa aliwachukua watoto shuleni, na walipofika kwenye mzunguko wa barabara akakanyaga breki ili lori lipite. Kigari hakikusimama. Kiliteleza juu ya maji, kikavuka mstari, kikasimama hatua chache tu kutoka kwenye magurudumu ya lori. Dereva wa lori alipiga honi ndefu.

"Again!" Gloire akapiga makofi, akitaka tena. Alidhani ni mchezo.

Papa hakucheka. "Labda nimezeeka," akasema taratibu. "Mguu wangu umechelewa."

Ketsia alijua kwamba mguu wa Papa haukuchelewa hata kidogo. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imeanzia Smithfield ikaishia kwenye mzunguko ule. Jioni alimsikia Papa akimwambia Mama, "Kosa lilikuwa langu. Kesho nitaendesha polepole sana." Maneno hayo yalimchoma, akala ugali wake bila kujua ladha yake. Alijaribu kuiota theluji kama kawaida, lakini kila ilipoanza kuanguka, honi ya lori ililia.

Jumamosi kulipopambazuka, kikapu cha maandazi kilikuwa tayari garini. Watu wa kanisa lao hawaanzi safari ndefu kabla ya kuliombea gari. Kila mmoja hugusa gari kwa mkono, na mmoja huomba kwa sauti. Mama aliweka mkono juu ya paa, Papa juu ya boneti. Gloire, kwa kuwa alikuwa mfupi, aliuweka mkono wake mdogo juu ya tairi.

"Leo atuombee Ketsia," Papa akasema. "Yeye ndiye aliyetusaidia kupata pneu."

Ketsia alifumba macho. "Baba yetu uliye mbinguni," akaanza, "tunakuomba uzilinde..." Angemwomba vipi Mungu azilinde tairi ambazo yeye mwenyewe alijua hazifai? Alifumbua macho akauona mkono wa Gloire pale juu ya mpira mweusi. Machozi yakamtoka.

"Papa, tusiende. Yule mama alisema hizi ni za zamani, zitateleza. Alisema tungoje Jumatatu. Mimi sikukwambia. Jana haukuwa mguu wako, Papa. Ni mimi niliyekosa."

Mama alishika kichwa chake kwa mikono miwili. Papa akauondoa mkono wake kwenye boneti, akakishusha kikapu.

"Na theluji itayeyuka," Ketsia akalia.

"Iyeyuke. Mwakani itaanguka nyingine," Papa akajibu. "Watoto wangu ni ninyi wawili tu. Mama Ketsia, ingia ndani na Gloire mnywe chai. Ketsia, wewe twende."

Waliendesha kwa mwendo wa konokono hadi Smithfield. Bi Nahrin alikuwa akifungua milango.

"Mweleze yote," Papa akaamuru. "Hata yale yanayokuaibisha."

Ketsia alieleza, macho yakiwa chini. Bi Nahrin aliweka spana mezani, akaanza kusema, na hakusema kwa upole.

"Anasema nini?"

Ketsia alivuta pumzi. "Anasema alizifunga tairi zile kwa sababu aliniamini. Anasema kama tungepata ajali, angejilaumu maisha yake yote, na asijue kwa nini tulikwenda."

"Endelea."

"Anasema yeye pia alipofika nchi hii alikuwa mtoto, akimsemea mama yake hospitalini. Anasema anayewasemea wengine ameshika usukani wao, hata kama miguu yake haifiki kwenye breki."

Papa alitikisa kichwa kwa kukubali. Bi Nahrin akaongeza maneno machache, na Ketsia akayasikia yakimpiga kifuani. Papa hakuyaelewa. Alikuwa akimtazama binti yake, akingoja.

"Amesema jambo jingine?"

Ketsia aliuma mdomo. "Amesema angekuwa ni mzazi wangu, asingeniamini tena kwa haraka."

Papa alipiga magoti mpaka macho yao yakalingana.

"Hilo ungeweza kulimeza, nami nisijue kamwe."

"Ndiyo, Papa."

"Sikiliza, binti yangu. Ukinisemea, usinichagulie maneno. Nipe yote, tamu na chungu, nichague mwenyewe, maana wanaopanda gari langu ni roho za watu. Mwongo huficha neno moja, na neno hilo moja linaweza kuua nyumba nzima. Leo umenipa neno chungu kuliko yote, tena linakuhusu wewe. Kwa hilo nitaanza kukuamini upya. Polepole, lakini nitaanza."

Ketsia alijifuta machozi kwa mkono wa sweta.

"Sasa muulize," Papa akasema, akisimama na kujipangusa magoti, "Jumatatu tuje saa ngapi."

Ketsia akamgeukia Bi Nahrin, akauliza. Alipojibiwa, alimfasiria Papa neno kwa neno.