Shati Namba Arobaini na Saba

Kila akitoka shule, Kifungo alivua sare, akanawa mikono, akaingia dukani kwa baba yake aliyekuwa dobi. Kazi yake ilikuwa kupiga pasi mashati. Kila nguo ilishonewa kwenye ukosi kitambaa kidogo chenye namba, ili shati la mwalimu lisije likaenda kwa muuza nyama. Jina la Kifungo alipewa na mama yake, kwa kuwa tangu utotoni aliokota kila kifungo kilichodondoka. Mama alikuwa amefariki miezi mitatu iliyopita.

Tangu hapo Kifungo alikuwa na haja moja tu: amwone mama ndotoni, na ajue kuwa anaota, apate kumwambia neno kabla hajaamka. Binamu yake, kijana wa sekondari aliyejua kila kitu isipokuwa kufua soksi zake, alimfundisha.

"Mchana soma maandishi, geuza macho, usome tena. Yakibadilika, ujue unaota. Ukizoea, hata usingizini utafanya hivyohivyo."

"Mimi usingizi hauji upesi."

"Usiulazimishe basi. Usingizi kama paka, ukiukimbilia unakimbia."

Hilo la mwisho liliingia sikio hili likatokea lile. Kwa wiki tatu Kifungo alijilaza akinong'ona, "Nitajua ninaota," mpaka jogoo wakawika. Ndoto hazikuja. Yalikuja macho mekundu, na darasani akawa anasinzia.

Alasiri moja, pasi mkononi, alisoma namba kwenye ukosi: arobaini na saba. Akageuza macho, akasoma tena: sitini na mbili. Moyo ulimruka. Hakukumbuka kwamba kwa uchovu alikuwa ameshavuta shati jingine juu ya lile la kwanza.

"Naota!" alisema. Akaiacha pasi palepale, akakimbilia chumba cha nyuma alikozoea kuketi mama. "Mama! Mama, nimekuja!"

Kulikuwa na gunia la sabuni na kiti kitupu. Alikishika kiti, kikawa kigumu kama siku zote. Ndipo aliposikia harufu ya nguo inayoungua.

Baba alikuja mbio, akawahi kuchomoa waya wa pasi. Mashati yote mawili yalikuwa yametoboka. "Umeme huu tena?" aliuliza. "Unapanda na kushuka utadhani una wazimu."

Kifungo angeweza kuitikia tu, mambo yakaisha. Lakini alikuwa amechoka kuficha.

"Si umeme, baba. Ni mimi. Nilidhani naota, nikaenda kumtafuta mama." Akalikunja shati lililoungua, akalikunjua. "Asubuhi ile alipopelekwa hospitali aliniita mara mbili. Nilikuwa macho. Nikajifanya nimelala, nisitumwe maji. Nataka nimwombe radhi."

Baba aliketi juu ya furushi la mashuka. Alicheka kidogo huku machozi yakimtoka.

"Mama yako alijua. Mlangoni aliniambia, 'Mwache huyo mwongo wangu, hajalala. Kifungo akilala kweli, mdomo huwa wazi.' Akacheka, mwanangu. Sikumsikia akicheka tena."

Kifungo alilia kilio alichokuwa amekizuia tangu siku ya mazishi. Baba alimwacha alie, kisha akamfuta uso kwa kanga ya mama.

"Umekosa usingizi kwa sababu ya neno moja ulilonificha," alisema. "Neno zito mtoto habebi peke yake. Ungeniambia mapema, tungelibeba wawili. Na mtu asiyelala haoni sawasawa; leo ni mashati, kesho ni mkono wako. Sasa twende kwa wenyewe, ukawaeleze kwa kinywa chako."

Walikwenda. Mwenye namba sitini na mbili aliguna tu. Mwenye arobaini na saba, fundi saa, alikunja uso, kisha akasema heri shati kuliko kidole cha mtoto.

Waliporudi, Kifungo alijiegemeza kwenye furushi. Hakunong'ona chochote. Baba hakuwa amemaliza kukunja shuka la pili alipomwona kalala, mdomo wazi.

Alitabasamu, akageukia chumba cha nyuma kumwambia mkewe aje aone. Kisha akakumbuka, akaendelea kukunja.