Kikombe Kimoja

Jua lilikuwa linazama nyuma ya majengo ya soko la Warwick, teksi zikipigiana honi, wakati Odette, msusi wa nywele, alipopita kununua kikombe. Mbuyi, mwanawe, alikuwa mgongoni. Siku hizi alitaka kushika kila kitu mwenyewe.

"Mama Mapasa!" Boniface, muuza vitu vikuukuu, alimwita kwa furaha. Ndivyo Wakongo wanavyomwita mama wa mapacha. "Kimoja tu? Mwenzake atanywea kofia?"

Odette akatazama chini.

"Kabanga aliondoka, papa. Mwezi wa sita. Homa."

Boniface akakifunga kikombe kwenye gazeti. Kisha akauliza polepole, "Na ile picha niliyokuuzia?"

Ilikuwa ndogo kama kiganja, ya Wazungu wa zamani sana, iliyochongwa kwenye shaba kwa ncha kali kisha ikapigwa chapa kwenye karatasi. Kati ya majani yaliyojisokota na makombe ya bahari walikuwamo watoto wawili wanene wenye mabawa. Mmoja alipuliza mapovu ya sabuni. Mwenzake alilala juu ya boga, ameshika ufagio. Odette aliipenda kwa sababu walikuwa wawili. Akaitundika juu ya kitanda cha wanawe.

"Si boga, mwanangu," Boniface alinong'ona. "Ni fuvu. Na ule si ufagio. Ni mwenge, umegeuzwa chini ukazimwa. Ndiyo alama yao ya kifo. Mapovu ni uhai wetu huu. Mteja mmoja ndiye aliyenieleza juzi. Eish, nisamehe. Ichome."

"Na yule anayepuliza?"

Boniface akamtazama Mbuyi mgongoni.

Njiani Mbuyi hakutoa sauti. Ila nyuma ya shingo yake Odette alisikia harufu ya sabuni... na pumzi.

Pff.

Pff.

Chumbani alimpa maziwa kwenye kikombe kipya. Mtoto akageuza uso. Mwili ulikuwa unawaka, kama wa ndugu yake siku ile.

Odette akainua macho ukutani.

Mapovu yalikuwa mengi. Sasa lilibaki moja.

Na yule aliyelala alikuwa amefumbua macho. Anatazama kikombe.

Odette akakumbuka tena onyo la mama yake: mapacha hupewa sawa, hata mmoja akiwa kaburini. Anayesahauliwa huja kudai. Alilijua hilo pale sokoni. Lakini mkono ulikataa kuchukua kikombe cha pili ambacho hakuna wa kukishika.

Akaishusha picha. Akawasha kibiriti.

Pff.

Moto ukazimika.

Pumzi ile aliijua. Ilinukia maziwa yake.

"Kabanga?"

Pumzi ikasogea kifuani kwake.

Akafungua blauzi. Titi la kulia lilikuwa la Mbuyi tangu kuzaliwa. La kushoto lilikuwa la Kabanga, nalo lilikauka wiki ya mazishi. Akaiegemeza picha hapo.

Kitu cha baridi kikashika. Kidogo. Chenye njaa.

Alipaswa kupiga kelele. Badala yake akaimba wimbo wa kuwalaza, akitaja majina mawili.

Kulipokucha, homa ya Mbuyi ilikuwa imeshuka. Pichani mapovu yalikuwa yamerudi. Aliyelala alikuwa amefumba macho, mashavu yamejaa zaidi.

Boniface kila akimwona humuuliza kama ameichoma.

"Bado, papa," hujibu, huku akivuta kitenge kufunika mifupa ya mabega yake. Saluni wanasema anakonda. Labda ni huzuni. Labda.

Jioni ikiingia, titi la kushoto huuma na kujaa. Odette hufunga mlango.

Mtu humchomaje mtoto anayenyonya?